Chumba cha Koko Chini ya Mabati

Baba yangu alikuwa fundi wa matofali, masoni kama tunavyosema huku, na katika maisha yake alijenga nyumba nyingi ambazo hakuziona zimekwisha. Ya kwake mwenyewe tu ndiyo aliyoingia na kulala ndani. Nimeona nianze hapo, ingawa sijui kama mtu aliyesoma angeanza hapo. Mimi niliishia darasa la nne kwa masista. Ninaandika kama ninavyokumbuka, na nisipokumbuka vizuri nitasema.

Kabla ya uhuru baba alifanya kazi Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, kwenye nyumba za Wazungu. Kazi ilikwenda hivi: masoni wanapandisha kuta mpaka juu, halafu wanapelekwa kiwanja kingine. Nyuma yao wanaingia maseremala, wanafunga paa, madirisha na plafo, yaani dari. Baba hakuwakuta kamwe. Baadaye akipita barabarani na kinga yake, baiskeli ile ya zamani, aliona kuta zake zimepakwa chokaa, zimefungwa vizuri mpaka kwenye mabati, hazina ule uwazi wa juu tunaouacha sisi kwenye nyumba zetu. Mara moja alitumwa kupeleka kitu, akasimama mlangoni pa nyumba aliyoijenga, mlango ukafunguliwa, akasikia ubaridi unamjia usoni kama mtu amefunua mtungi. Akajiambia: ubaridi huu ni wa kuta zangu. Sidhani ilikuwa majivuno. Ndicho alichokuwa amekiona kwa macho yake, kuta tu.

Nyumba yetu ya kwanza Rumonge ilikuwa ya fito na udongo, paa la nyasi, upande wa ziwa wa ile barabara inayotoka Bujumbura. Kati ya ukuta na paa kulikuwa na nafasi ya kupita paka, na paka walipita kweli. Moshi wa jikoni ulitokea hapo. Upepo wa ziwa, ambao kwetu unaanza kuingia jua likishapanda, ulipitia hapo pia, na harufu ya ndagala, yaani dagaa, zinazoanikwa ufukweni ilikuja nao mpaka kitandani. Mimi harufu ile naipenda mpaka leo. Watu wananicheka.

Katika nyumba ile ndipo alipokuja koko. Koko ni bibi, mama yake mama. Alitoka Ubwari, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo. Siku anga ikiwa safi tuliiona milima ya kwao kutoka mlangoni petu. Mume wake alikufa, na mama alikuwa mtoto wake pekee, kwa hiyo alimchukua. Kwa watu wa kwetu hilo si jambo dogo. Mama mukwe hakai kwa mukwe wake. Wanaheshimiana mpaka wanakwepana: hawatazamani usoni, hawali pamoja, na mukwe haweki mguu kwenye chumba anacholala mama mukwe, hata nyumba ikiungua sijui. Kuzungumza walizungumza, lakini kupitia mtu wa tatu. Mtu yule alikuwa mimi.

"Mutoto, mwambie baba yako ameamka vizuri?"

Baba alikuwa palepale, ananawa. "Mwambie koko nimeamka vizuri, na kifua chake kimelalaje?"

"Mwambie kifua kimekohoa."

Hakuna aliyeningoja nifikishe neno. Nilisimama tu katikati yao kama nguzo.

Kifua hicho ndicho chanzo cha yote. Koko alikuwa na pumu. Moshi ulimsumbua, na vumbi la nyasi lililodondoka kila upepo ulipotikisa paa lilimsumbua zaidi. Baba aliona, akaanza kusema habari ya mabati.

Halafu ukaja uhuru, mwezi wa saba wa mwaka 1962. Kusema kweli siku yenyewe naikumbuka vipande vipande: ngoma, vumbi, nguo mpya iliyonibana kwapani. Nakumbuka zaidi maneno ya watu wazima baada ya hapo. Kila mwenye nguvu kidogo alitaka mabati. "Bendera iko yetu, na sisi tuendelee kulala chini ya nyasi kama mbuzi?" Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya kiangazi kile. Siwacheki. Nyasi zinaungua, zinaficha nyoka, na kila baada ya misimu michache unazivua na kuezeka upya. Baba alikuwa na sababu nzuri, na kubwa kuliko zote ilikuwa kifua cha mama mukwe wake.

Alijenga nyumba ile kama mtu anayeandika jina lake. Udongo ulichimbwa bondeni, sisi wanawake na wasichana tukaukanyaga kwa miguu pamoja na majani makavu mpaka ukawa laini kama ugali. Mama alinishika mkono nisiteleze, na mara akateleza yeye, tukaanguka wote wawili, na shangazi za jirani wakacheka mpaka wakakaa chini. Matofali yalikaushwa juani. Kuta zilikuwa nene, baba alipima kila mstari kwa timazi, akirudi nyuma, akifumba jicho moja. Alipofika juu hakuacha uwazi. Alipandisha matofali mpaka yakagusa mabati, akaziba kila ufa kwa simenti, hata mjusi asingepata njia. Na kwenye ile pembetatu ya ukuta chini ya kilele cha paa, upande wa barabara, alitokeza kwa simenti namba kubwa: 1962. Watu waliokuwa wakienda sokoni walisimama kusoma. Hata wasiojua kusoma walisimama.

Koko alipewa chumba cha nyuma, kinachotazama ziwa, kwa sababu ndicho kilichokuwa mbali na vumbi la barabara. Ilikuwa heshima. Nasisitiza hili kwa sababu baadaye watu walisema mengine.

Niseme kwanza mazuri ya mabati. Mvua ya kwanza ilipopiga hatukuhamisha vitanda. Pipa lilijaa maji chini ya paa, na kwa mara ya kwanza sikuenda mtoni na ndoo. Vumbi la nyasi likaisha, na kikohozi cha koko kikapungua kweli. Kama ningeacha kuandika hapa, ingekuwa habari ya ushindi wa baba.

Lakini mvua zilipumzika, jua likarudi. Asubuhi mabati yalianza kulia, ta! ta!, yakijinyoosha kwa joto. Mchana chumba cha mbele kilivumilika, kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Chumba cha koko kilikuwa na kidirisha kidogo cha pembeni tu. Baba aliona tundu kubwa upande wa ziwa lingeingiza mbu na jua la jioni. Jua la jioni halikuhitaji tundu. Lilipiga ukuta ule wa magharibi tangu saa nane mpaka linazama nyuma ya milima ya Ubwari, na ukuta mnene ukalihifadhi lile joto kama mwanamke anavyohifadhi makaa, ukamrudishia koko alipokwenda kulala. Juu mabati, pembeni ukuta, upepo hakuna. Mtu mwenye pumu, humo ndani.

"Mwambie baba yako," koko alisema siku moja uani, sauti yake ikipiga filimbi kidogo kifuani, "nyumba yake ni nzuri sana. Mwambie na mimi nimeshaiva, anaweza kunipakua."

Baba alikuwa ananoa mwiko wake. "Mwambie koko kuta bado ni mbichi. Zikikauka, ubaridi utakuja. Nimezijua nyumba hizi."

"Mwambie mimi nitakauka mbele ya kuta."

Mama alicheka, halafu akaingia jikoni, na nilipomfuata nilimkuta ameegemea mlango hacheki.

Alijua kilichokuwa kinakuja. Koko alianza kushinda ufukweni, chini ya michikichi, karibu na wanawake wanaoanika ndagala. Alichukua mkeka wake asubuhi akarudi jua limezama. Na watu wana midomo. Ilisemwa kwamba masoni amejenga nyumba ya bendera akamfukuza mama mukwe akalale na samaki. Mama alikwenda kumbembeleza, nikiwa naye.

"Mama, rudi nyumbani. Unatuaibisha."

"Nyumbani ni wapi? Hapa napumua." Akaonyesha ng'ambo kwa kidevu. "Nimesema na wavuvi wa kwetu. Wakirudi Ubwari baada ya mwezi huu, wananichukua. Mdogo wangu yuko kule, nyumba yake ni ya nyasi, nitakohoa lakini nitalala."

"Na ukizidiwa, nani atakushika? Mdogo wako anashinda ziwani."

"Nitajishika."

"Mama, mimi sina mwingine."

Koko alichukua ndagala moja kwenye jamvi la jirani akaitafuna, mwenye jamvi akamwambia, "Koko, wewe unakula faida yangu," akamjibu, "Ya kwako ni ndogo hivi hata faida haina," wakacheka, na mama akabaki amesimama. Tangu siku ile nilijua kwamba mama alikuwa na mwezi mmoja wa kumzuia mama yake, na kwamba asingeweza kumzuia kwa maneno.

Aliyeanza kutufungua macho ni seremala, jirani yetu, Mwislamu mzaliwa wa Rumonge. Alikuwa amekwenda Bujumbura kwa kazi muda wote baba alipojenga. Yeye na baba walitaniana kama shemeji. Aliingia uani bila kupiga hodi ya kweli.

"Amahoro, masoni! Nimesikia umejenga tanuri. Nimekuja kununua mkate."

"Wewe umekula mkate wangu miaka yote, muzee, hujanunua hata siku moja."

Seremala akaingia sebuleni, akainua uso. Akatazama mabati muda. Akatoka, akaingia tena.

"Plafo iko wapi?"

"Plafo ya nini?"

"Anauliza plafo ya nini! Zile nyumba za Usumbura, ulidhani Wazungu walilala wakihesabu misumari ya mabati?"

"Zile nyumba nilizijenga mimi."

"Ulijenga kuta ukakimbia. Sisi tulikuja nyuma yako kufunika aibu."

Baba alicheka, halafu kicheko kikakatika katikati. Namkumbuka alivyokaa kwenye kizingiti. "Ndani kulikuwa na dari?" aliuliza taratibu. "Zote?"

"Zote, ndugu yangu."

Walikubaliana kuweka plafo. Mbao za dari hatukuziweza, basi seremala akatandaza fito kutoka ukuta hadi ukuta na mikeka juu ya fito. Tulipumua. Mabati hatukuyaona tena. Lakini joto likabaki, limebadilisha sehemu tu: lilikaa kati ya mabati na mikeka, likishuka polepole kama mzigo. Na panya walishukuru sana, wakapata ghorofa. Koko aliingia siku moja, akatoka na mkeka wake.

"Mwambie baba yako na rafiki yake," alisema, "zamani niliiva bila kifuniko. Sasa wameniwekea kifuniko."

Hapo mama alimshika seremala. Alimpelekea uji wa mtama, akakaa mbele yake, asiondoke. Nilikuwa nimebeba kikombe.

"Fundi, wewe umefanya kazi hii miaka mingi. Kuna kitu unakijua husemi."

Seremala alikunywa. "Uji mzuri."

"Mama yangu anaondoka, fundi."

Akaweka kikombe chini. "Dada, kule Bujumbura ile pembetatu ya juu, mbele na nyuma, si ukuta. Ni mbao tulizozipanga zikiachana, zimepakwa rangi nyeupe, ukiwa barabarani unaona zimefungwa. Upepo unaingia huku, unatoka huku, unalisukuma joto lililo juu ya dari. Bila hapo plafo ni bure."

"Mbona hukumwambia?"

"Ningemwambiaje? Chokaa haijakauka, na pale mbele ameandika uhuru wetu. Nimwambie mwenzangu toboa uhuru?"

Siwezi kumlaumu. Kwetu huingii kwa mtu ukamwambia vunja. Na mama mwenyewe alipomwambia baba, baba alikataa. Alisema chumba cha mbele alilala yeye na hakuona joto la kumfukuza mtu. Alisema mama mukwe wake amezizoea nyasi, na akitaka kwenda kwao ni kwao. Alisema kwa upole. Nadhani alikuwa anasema kweli kama alivyoijua, kwa sababu kile chumba alikijenga akakifunga, na tangu koko alipoingia humo yeye hakukanyaga tena. Rumonge nzima, mtu aliyekijua chumba kile kwa uchache zaidi alikuwa fundi wake.

"Ingia ulale humo mchana mmoja," mama alisema.

"Mimi? Chumba cha mama mukwe? Unataka watu waseme nini?"

Kesho yake mama alikwenda ufukweni akasema na koko, sikusikia waliyosema. Koko akarudi, na mbele ya baba, mbele ya seremala aliyeitwa kwa makusudi, akaanza kutoa vitu vyake chumbani. Mkeka. Chungu. Nguo. Kibao cha kukalia. Akafagia mpaka pembeni, akatoa vumbi, akaliweka fagio nje ya mlango.

"Mutoto," akaniambia, "mwambie baba yako humu hakuna mama mukwe. Humu kuna chumba kitupu. Nyumba ni yake."

Ilikuwa saa tisa hivi, jua likiwa kwenye ukuta. Baba alitazama chini. Hakuna alichoweza kusema bila kumkosea adabu mtu. Akaingia, mama akarudisha mlango nyuma yake, kama koko alivyokuwa akirudisha ili apumzike.

Tulikaa uani. Seremala alijaribu mzaha mmoja, haukushika. Baba alikaa humo muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na nadhani alikaa makusudi. Alipotoka shati lilikuwa limemganda mwilini na macho mekundu. Hakumtazama koko. Alikwenda pale alipoweka vyombo vyake, akachukua nyundo na patasi, akaegemeza ngazi kwenye ukuta wa ziwa.

"Muzee," alimwambia seremala, "nishikie ngazi. Na usiongee."

Seremala alishika ngazi. Hakuongea. Ilimgharimu.

Kuvunja ukuta alioujenga vizuri kulimchukua baba muda, kwa sababu aliujenga vizuri. Upande wa ziwa alifungua pembetatu yote, ikazibwa kwa fito zilizoachana. Upande wa barabara alisita. Siku mbili aliizunguka ile namba. Mwishowe akatoboa juu yake na kulia na kushoto, tofali ndani tofali nje, matundu yaliyopangana kama ususi wa ukili, na 1962 ikabaki katikati inapumua. Watu waliuliza kama serikali imeagiza. Baba alisema ndiyo. Alikuwa mtu mkweli, lakini hapo alidanganya.

Dirisha pana likafunguliwa kwenye chumba chenyewe, kuelekea ziwa, na mbele yake kukasimamishwa kibaraza cha nguzo na makuti ya michikichi ili jua la jioni lisiufikie ukuta. Mama akapanda marakuja, ndiyo pasheni, kwenye nguzo. Na ile mikeka ya panya, koko alisema iondolewe: kwao dari la kuwekea mahindi hutengenezwa kwa matete yaliyofungwa pamoja, na juu yake udongo. Seremala alisema udongo utaanguka usiku juu ya watu. Koko alisema, "Mwambie huyu fundi wa mikeka aje ajifunze kukanda." Tulikanda tena, safari hii koko akiwa amekaa kwenye kibao chake anatoa amri. Haukuanguka. Kwa haki niseme ulidondosha vipande vidogo miaka yote, na mara moja kimoja kiliingia kwenye mchuzi.

Mwezi ulikwisha, wavuvi wa Ubwari wakaja kumchukua. Koko alikuwa kibarazani.

"Ngojeni mwezi mwingine," aliwaambia. "Nataka kuona kama marakuja yatazaa."

Yalizaa. Hakwenda.

Miaka iliyofuata ndiyo ninayoirudia nikikosa usingizi. Upepo ulianza mchana, ukapita chini ya makuti, ukaingia kwa koko, ukatokea sebuleni. Tulilala mchana sakafuni, mimi na wadogo zangu, mashavu kwenye udongo baridi, tukisikia sauti ya koko ikigombana na seremala habari ya kitu chochote. Wageni waliokuja kutoka Magara na Gitaza na mizigo ya samaki walipitia kwetu kunywa maji, wakakawia. Nyumba nyingine za mtaa zikaanza kutobolewa juu, kila mtu na pambo lake, hata msikiti mdogo ulipotengenezwa baba aliitwa, Mkristo, kupanga matundu.

Lakini lazima niandike shaka yangu. Baada ya muda kulitokea vita upande wa Kongo, na watu wa Ubwari na Fizi walivuka kuja kwetu na watoto migongoni. Hata kama koko angetaka kurudi, angerudi wapi? Baba aliamini kwamba ile nyumba ndiyo iliyomweka. Mama aliamini hivyo. Mimi nilikua nikijiuliza kama alikaa kwa sababu ya dirisha au kwa sababu njia ilifungwa. Sikuwahi kumuuliza. Alikuwa bado anasema "kwetu" akionyesha ng'ambo kwa kidevu, na baba aliposikia neno lile aliinama kwenye kazi yake.

Kisha ukaja mwaka 1972, mwisho wa mwezi wa nne. Nitaandika kidogo, kwa sababu niliona kidogo, na niliyosikia kwa wengine siwezi kuyaapia. Risasi zilianza kwetu Rumonge. Watu niliowasalimia jana yake waliuawa, wa upande huu kwanza na wa upande ule baadaye, na waliowaua wengine niliwajua na wengine sikuwajua. Halafu likaja lile lililodumu, la kuwachukua watu majumbani. Wenye asili ya Kongo tulitazamwa vibaya, kwamba tumeleta wapiganaji. Baba hakumleta mtu. Asubuhi moja yenye ukungu seremala alikuja, hakutania, akasema mtumbwi wa binamu yake uko tayari na sisi tupande. Alisema yeye anabaki, ataangalia nyumba. Tulifunga mlango. Koko alikuwa mzito sasa, baba alimbeba mgongoni mpaka majini, na hakuna aliyefikiri habari ya heshima siku ile, mpaka tulipokuwa katikati ya ziwa nikaona wote wawili wanatazama pande tofauti kwa aibu.

Ubwari, ambako vita vilikuwa vimetulia, mdogo wake koko alitupokea vizuri sana. Simwandiki vibaya hata kwa neno moja. Alitoa chumba chake kizuri, akalala jikoni. "Dada," alisema, "umefika kwenu. Safari yako imekwisha." Majirani walikuja kumtazama, wengine walicheza naye utotoni, walilia. Koko naye alilia. Nikajisemea: basi, hilo ndilo jibu langu.

Habari za Rumonge zilikuja na wavuvi. Seremala yu hai. Nyumba iko, lakini mabati yamevuliwa, haijulikani na nani. Seremala alijaribu kuzuia, akapigwa. Baba alisikia, akauliza tu: "Mvua zimeanza kule?" Kuta za udongo bila paa zinarudi kuwa udongo, hakuna haja ya kumweleza masoni.

Aliugua siku chache, nadhani ni huzuni. Alipoinuka alimwomba mdogo wake koko kipande cha ardhi, akapewa pazuri, penye mwinuko kidogo, ziwa liko mbele. Akachonga vigingi, akatafuta kamba, akapima. Tulifurahi kumwona anafumba jicho lile moja tena. Alipomaliza kupiga vigingi vya chumba cha nyuma, aliniita. Koko alikuwa amekaa kwenye kivuli karibu yetu, na mdogo wake kando yake.

Nyumba ya Rumonge baba aliijenga bila kumuuliza mtu. Safari hii alisema, "Mwambie koko hiki ni chumba chake. Mwambie aseme mwenyewe, dirisha anataka litazame wapi."

Nilisimama pale nilipozoea kusimama. Koko alitazama kamba, akatazama vigingi. Halafu akageuka, akainua uso, akamtazama baba machoni, jambo ambalo sijaliona kabla wala baada, na hakuniambia nimwambie kitu.

"Mwanangu," alisema, "usinijengee hapa. Mimi hapa nimekuja kutembea. Nijengee kwetu, ule ukuta wa magharibi mvua isiumalize."

Mdogo wake alishtuka, akasema, "Dada, kwenu ni hapa," naye koko akamshika mkono akampapasa kama mtu anayemwomba mwenyeji radhi.

Baba alibaki ameshika ncha ya kamba. Kule ilikuwa haiwezekani kurudi, sote tulijua, na yeye alijua kuliko sisi. Nilidhani atabishana naye. Badala yake alisema, "Ndiyo, mama," moja kwa moja, yeye mwenyewe, akachuchumaa akaanza kung'oa vigingi.